Barua kwa mwanangu: kiti kimoja kinatosha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakusalimu na bado anabishana na redio. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, maana swali lilikuwa limejificha chini ya maneno mengi. Unasema umepata siku nzima ya mapumziko katikati ya wiki, wenzako wote watakuwa kazini, na unatamani kuzunguka peke yako ile mikahawa midogo ya kahawa unayoipita kila siku bila kuingia. Halafu ukauliza: "Mama, hivi si kujiaibisha, mtu mzima kukaa mezani peke yake kutwa? Na nitakuwa nafanya nini muda wote huo?"

Watu watakutazama ukiingia, maana macho hayana pazia. Watakutazama kwa muda wa mlango kujifunga, kisha watarudi kwenye mazungumzo yao, simu zao na madeni yao. Hilo dogo. Ila neno aibu ulilolitumia nimeona nisilipite, kwa sababu naona limekubana kuliko unavyokiri.

Fikiria ukienda nyumbani kwa mtu. Mwenyeji anahangaika, wewe unatakiwa uzungumze, usifie, ujue saa ya kuaga kabla hujachosha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkahawa ulipozuka ulimwondolea mtu mzigo huo wote. Katikati ya karne ya 16 watu wawili, mmoja wa Aleppo na mwingine wa Damascus, walifungua mikahawa ya kahawa Istanbul, na wakazi wa mji ule wakapata pahali pa kukaa saa nyingi bila kualikwa na mtu: huyu anasoma, wale wanacheza sataranji, yule anasikiliza tu. London mkahawa wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1652 na Pasqua Rosée. Huko ulilipa peni moja, ukapata kikombe na nafasi kwenye meza ndefu kati ya watu usiowajua. Katika mkahawa wa Edward Lloyd walikaa mabaharia na wenye meli, wakipeana habari za bandarini, na kutokana na vikao hivyo likazaliwa soko la bima la Lloyd's ambalo lipo hadi leo. Hakuna aliyetumiwa mwaliko. Kila mmoja alifika kwa miguu yake, akakaa.

Wakubwa hawakupenda. Msimamizi wa masoko wa Makka, Khair Beg, alipiga marufuku kahawa mwaka 1511. Mfalme Charles II wa Uingereza alitoa tangazo mwishoni mwa Desemba 1675 kwamba mikahawa yote ya kahawa ifungwe, kisha mwanzoni mwa Januari akalifuta kabla halijaanza kutekelezwa, kelele zilivyomzidi. Hofu yake haikuwa kile kinywaji, ilikuwa watu kukaa pamoja na kusema wanachotaka bila mtu wa kuwasimamia.

Kwa hiyo anayekaa peke yake mkahawani hajavamia pahali pa wengine. Lakini nisikudanganye: kwa muda mrefu huyo mtu alikuwa mwanamume. Katika mikahawa ile ya London mwanamke ungemkuta akihudumu, pengine hata akimiliki, ila si rahisi umkute amekaa na kikombe chake akiwaza ya kwake. Ndiyo maana nasema hiyo aibu si yako yote. Sehemu kubwa umerithi, na urithi wa namna hiyo mtu ana haki ya kuukataa.

Sasa hilo la utafanya nini. Umeandika kwamba umeorodhesha mikahawa minane. Minane! Hiyo ni kazi ya mkaguzi wa afya. Chagua mitatu. Na sababu yangu ya kwanza ni ya mwili tu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, na si zaidi ya 200 kwa mara moja. (Kama kuna habari ya mjukuu hujaniambia, kikomo kinashuka hadi 200 kwa siku, na hiyo habari nataka niipate kabla ya ile ya kahawa.) Kikombe kidogo cha espreso, ile kahawa nzito ya mashine, cha mililita 60 kina kama miligramu 80, na cha kahawa ya kuchuja cha mililita 200 kina kama 90, kwa hiyo udogo wa kikombe usikudanganye. Buni nazo si sawa: aina ya robusta ina karibu mara mbili ya kafeini iliyo kwenye aina ya arabika. Piga hesabu ya vikombe vinane uone moyo wako utakavyodunda. Kafeini pia haina haraka ya kutoka. Kwa watu wengi nusu yake huchukua kama saa tano. Cha saa kumi jioni, nusu yake bado utakuwa nayo mwilini ifikapo saa tatu usiku, na wewe tangu utoto usingizi wako ni wa kubembeleza. Kikombe cha mwisho kiwe mapema mchana. Baada ya hapo agiza isiyo na kafeini, ambayo nayo huwa imebaki nayo kidogo, au maji.

Sababu ya pili ni kwamba anayeingia mikahawa minane anakusanya milango kama mihuri ya pasipoti. Mkahawa huanza kukuonyesha sura yake ukishamaliza kikombe. Dakika za mwanzo unaona rangi za kuta na menyu. Baadaye ndipo unajua nani ni mwenyeji wa pale, nani anapewa kahawa yake bila kuagiza, na yule mhudumu aliyenuna kumbe ndiye anayemshika mkono mzee akipanda ngazi.

Ukiingia usikimbilie kiti. Simama kaunta kidogo utazame mikono ya barista, yule mtengeneza kahawa. Mrija wa mvuke unapanguswa kila baada ya kuchemsha maziwa, au una ukoko? Buni zinasagwa ukiagiza, au unga ulishasagwa unasubiri? Harufu nzuri huanza kupotea dakika chache tu baada ya kusagwa. Kama pakiti za buni ziko wazi kwa wateja, tafuta tarehe ya kukaangwa. Siku chache hadi wiki chache zilizopita ni sawa, na pakiti isiyo na tarehe yoyote nayo imekujibu. Kisha uliza: "Leo mna buni za wapi?" Usiulize kwa ujuaji. Mwenye kuipenda kazi yake ataacha kitambaa akueleze kuhusu shamba, na kama matunda ya mbuni yalimenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa au yalianikwa mazima na nyama yake. Yaliyooshwa kwa kawaida huleta ladha safi yenye uchachu, yaliyoanikwa mazima huelekea utamu wa tunda lililoiva. Akikujibu kwamba hajui, usimchukie. Pengine ni siku yake ya kwanza.

Agiza kitu kilekile kote. Ukinywa ya maziwa hapa, ya kuchuja pale na ya barafu kule, utakuwa umelinganisha vinywaji na si mikahawa. Mimi ningechagua espreso, maana haina pa kujificha. Mashine inasukuma maji ya moto kwa nguvu ya karibu baa tisa (baa ni kipimo cha shinikizo) kupita kwenye unga ulioshindiliwa, na kazi huisha kwa sekunde 25 hadi 30 hivi. Hesabu kimoyomoyo tangu mashine inapoanza kunguruma. Maji yakipita mbio kahawa hutoka na uchachu wa kukunja uso, kwa kuwa vitu vyenye uchachu ndivyo vinavyotangulia kutoka kwenye unga; yakikawia uchungu unazidi. Ukipata uchungu wa majivu hata muda ulipokuwa sawa, ujue buni ziliungua huko zilikokaangwa, na barista huna la kumlaumu. Ikoroge kabla ya kunywa, sehemu ya chini ni nzito kuliko ya juu.

Ukichoka na mashine, kunywa ya kuchuja, na usiinywe ikiwa moto sana. Ulimi ulioungua hauonji. Iache ipoe kidogo kidogo, onja tena, utakuta kikombe kimoja kina ladha ya saa hii na ya baadaye. Ile karatasi ya kuchujia, kama hukujua, inatokana na Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, ambaye mwaka 1908 alichoshwa na machicha kinywani, akatoboa matundu kwenye chungu cha shaba, akatandika karatasi ya kukaushia wino aliyoichomoa kwenye daftari la shule la mwanawe. Akajipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, na kampuni. Kuhusu mtoto alivyojieleza kwa mwalimu siku ile, historia imenyamaza, nami nasikitika.

Simu iweke mkobani. Sisemi uifiche kama kosa, ila ikikaa mezani utaishika kila kimya kikija, na kimya kitakuja. Kuna wakati utaona umemaliza kutazama kila kitu na huna la kufanya, na mkono utaanza kutafuta. Vumilia pale. Ndipo mawazo uliyoyakimbia wiki nzima yanapopata nafasi ya kukaa kiti cha pili, na mengine si ya kufurahisha, nakubali. Chukua daftari, chukua hata kitabu, lakini usianze navyo. Masikio yako yatasikia ya meza ya jirani. Kusikia si kosa, kugeuza shingo ndio utovu wa adabu.

Kuna jambo moja huwa linauma nami nikienda peke yangu: saa ya chakula cha mchana, makundi yanapoingia yakicheka na kuvuta viti. Upweke ambao asubuhi haukuwepo unaweza kuingia pamoja nao. Usibishane nao, na usijilazimishe kubaki ili uonekane jasiri. Lipa, toka, tembea kwenda mkahawa unaofuata kwa njia ndefu. Isitoshe, hiyo ndiyo saa ambayo mwenye mkahawa anahitaji kiti chako.

Na kiti kina deni lake. Kikombe kimoja hakinunui meza kutwa nzima, hasa kwenye duka dogo lenye meza za kuhesabika. Kaa pembeni au kaunta, usijitanue kwenye meza ya watu wanne. Ukiona umepitisha saa moja na nusu hivi na watu wanasubiri, ongeza kitu au waachie wengine. Ukitaka kufungua kompyuta, uliza kwanza. Rudisha kikombe kama hapo wateja hurudisha wenyewe, sema asante na jina la barista kama alikutajia.

Mengine ni ya mama tu. Kaa mgongo ukutani, uuone mlango. Ukienda msalani usiache kikombe chenye kinywaji na kurudi kukimalizia, agiza kingine. Mtu mmoja ajue uko mtaa gani. Akija mtu kukaa mezani kwako na hukumwita, huna deni la tabasamu. "Nashukuru, nataka kukaa peke yangu" ni sentensi kamili, haihitaji kisingizio cha mtu anayekuja. Akiendelea, mwambie mhudumu. Na akiwa ni bibi mpole anayetaka tu kukusimulia habari za miguu yake, hapo utaamua mwenyewe.

Umeuliza mwisho kama umsubiri rafiki yako hadi apate nafasi ili mwende pamoja. Hapana. Nenda naye siku nyingine, na hiyo itakuwa safari yake na yako. Mkiwa wawili mtazungumza kuhusu kazi, kikombe kitapoa bila mtu kukitazama, na kila mkahawa mtakaoingia utakuwa chumba cha mazungumzo yaleyale. Hakuna ubaya, ila sicho ulichokitamani ulipoandika ile orodha.

Ukirudi usinitumie picha ya kikombe chenye ua juu ya povu. Hizo ninazo za kutosha kutoka kwa shangazi yako. Niandikie ni mkahawa upi kati ya hiyo mitatu ungerudi, ulikaa kiti gani, na kilichokufanya uondoke kwenye ile miwili mingine. Baba yako anasema naye anataka kujua bei, lakini huyo mpigie simu.

Mama yako