Kurudi nyuma kumwokoa mama: je, fizikia inaruhusu?

Ndugu yangu wa Temeke, pole sana kwa msiba. Umeuliza kama sayansi ingeweza kukurudisha nyuma umzuie marehemu mama yako asipande basi lile la Mbagala. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein kuhusu nguvu ya mvutano inaruhusu njia ya kurejea wakati uliopita, ila katika ulimwengu unaozunguka, ambao kwa bahati mbaya si huu wetu. Kigumu zaidi ni mantiki: ukimwokoa, hutakuwa na sababu ya kusafiri, na usiposafiri, nani atakuwa amemwokoa? Mwanafizikia Igor Novikov alishikilia kwamba safari kama hiyo haiwezi kubadili yaliyokwisha kutokea. Ungefika Mbagala, na basi lingeondoka vilevile. Ni jibu kali, lakini ndilo ninaloliamini.