"Put off" si kuzima taa tu: neno lililonikosesha kazi

Wiki hii msomaji mmoja wa Makambako ameniandikia akiuliza kama "put off" na "call off" ni kitu kimoja, kwa kuwa mwalimu wake wa masomo ya jioni huyatumia bila kuyatofautisha. Swali lake limegusa kidonda changu, kwa hiyo nitamjibu kwa kirefu.

Miaka minne iliyopita niliitwa kwenye usaili wa ukarani katika kampuni moja inayonunua parachichi hapa Mbeya, na shati nililipiga pasi tangu Jumapili. Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye daladala kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa, ikaingia barua pepe yenye sentensi mbili: "The interview has been put off. We will write again on Thursday." Sasa, bwenini kwetu kiranja alikuwa akipita kila usiku akipaza sauti "put off the lights", na hiyo ndiyo maana pekee niliyokuwa nayo kichwani. Nikaamini kwamba usaili umezimwa, yaani umefutwa, na sentensi ya pili nikaihesabu kuwa maneno ya adabu wanayoandikiwa watu waliokwisha kukataliwa. Nikapanda gari la Tukuyu kwenda kumsaidia mama kuchuma chai, na kwa siku nne sikufungua barua pepe. Usaili ulifanyika Ijumaa. Aliyepata nafasi ile nilisoma naye darasa moja, na hadi leo nikipita mbele ya ghala lao hugeuza uso.

Maana ya kwanza ya "put off", ambayo ndiyo utakayokutana nayo zaidi ofisini, ni kuahirisha: jambo lipo, ila siku imesogezwa. Kufuta kabisa ni "call off". Harusi ikiwa "put off", kamati inaendelea kukusanya michango. Ikiwa "called off", watu wanaanza kudai warudishiwe fedha zao. Mdeni anayekupiga kalenda kila mwisho wa mwezi naye "keeps putting you off". Ipo pia maana ya kumtoa mtu hamu, kama harufu ya nyama iliyochacha inapokufanya usukume sahani: "the smell put me off". Ile ya kuzima taa ipo na hapa kwetu husikika sana, lakini Waingereza wengi siku hizi husema "turn off" au "switch off".

Kumbuka pia kwamba kiwakilishi hukaa katikati, "put it off", si "put off it", na kwamba kitenzi kinachofuata huishia na "-ing": "I put off going", si "put off to go".

Ndugu zangu mnaotafuta kazi, msitafsiri neno moja moja. Sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga deki na tunapiga pasi, na hakuna anayedhani kwamba tunagombana na vitu hivyo. Kwa nini basi tunamnyima Mwingereza haki hiyo hiyo? Soma ujumbe hadi nukta ya mwisho. Ukiona shaka, jibu kwa kuuliza siku mpya ni ipi, kwani mimi sentensi moja tu ya kuuliza ingenirudisha kutoka Tukuyu Alhamisi jioni.

Nawe ndugu yangu wa Makambako, hayo maneno si kitu kimoja. Mweleze mwalimu wako kwa heshima ule mfano wa harusi.