Mwanangu, usimwombe wifi yako, patana naye

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Mikindani. Sote wazima, na kifua cha baba yako kimetulia. Ujumbe wako nimeusoma: likizo ya uzazi inakwisha, mshahara hautoshi kumlipa dada wa kazi, na ukweni wanataka kukuletea binti wa miaka 12 kutoka Nachingwea. Unauliza umwachie nani mtoto.

Huyo binti mkatae leo, kwa adabu lakini bila kuzungusha maneno. Wewe ni mwalimu. Huwezi kwenda kuita mahudhurio darasani ilhali nyumbani kwako kuna mtoto aliyeachishwa shule ili akubebee wako.

Anza na wifi yako wa hapo Mtanda, Lindi. Unasema unaona haya kumwomba. Basi usimwombe, patana naye. Mwanawe yuko darasa la nne na mbele yake kuna mtihani wa taifa. Mfundishe hesabu na kusoma kila ukitoka kazini, naye wifi akae na mtoto wako mchana. Yasemwe wazi, waume zenu wakiwepo: siku zipi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, sabuni ananunua nani, mtoto akiamka na homa inakuwaje. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinyimana salamu kwa sababu mtoto alikuwa akifuatwa magharibi badala ya saa kumi, na hakuna aliyethubutu kusema mapema. Wewe mwenyewe ulilelewa kwa mapatano. Jirani yetu alikaa nawe mimi nikiwa kwenye cherehani, na sare za shule za wanawe zote nilizishona mimi.

Ila ukumbuke korosho. Oktoba ikifika wifi yako atakwenda shambani kuokota, na shule hazifungwi mpaka Desemba. Mimi nami nitakuwa Nanyamba kwenye mikorosho yetu, usinitegemee. Kwa miezi hiyo zungumza na mama yako mdogo wa Mitwero tangu sasa. Yeye hahitaji hela yako. Miguu inamuuma, maji yanamshinda kuteka, na kliniki hana wa kumsindikiza. Jumamosi zako mpe yeye, na mumeo ndoo zimhusu.

Maziwa ndiyo yanayonipa wasiwasi zaidi. Mpaka atimize miezi sita, mtoto anywe maziwa yako tu, hata mama yako mdogo akisifia uji. Kamua kwenye chombo kilichochemshwa, kifunikwe, wamnyweshe kwa kikombe kidogo, chupa waiache. Kwa joto la Lindi yasikae nje zaidi ya muda wa saa nne. Halafu mwone mwalimu mkuu. Zile siku 84 za likizo ya uzazi zinakwisha, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mwanawe. Kwa wifi si mbali na shuleni, utakwenda na kurudi. Omba kwa maandishi, ubaki na nakala.

Nitakuja wiki moja kabla hujarudi kazini, ili mtoto aanze kumzoea wifi nami nikiwepo. Nitumie namba yake ya simu, nataka niongee naye mwenyewe.

Mama yako