Akili bandia imeingia timu ya oparesheni, vijana wa zamu wafanyeje?

Kaka, umesema bosi kaleta akili bandia inayosoma logi, yaani kumbukumbu za yanayotokea kwenye sistimu, na kupendekeza suluhisho sistimu ikianguka usiku, na vijana wako wa zamu wameanza kuhofia kazi zao. Hofu yao usiipuuze, ila mi naona hatari kubwa iko kwingine, kijana ambaye hajawahi kuchimba logi mwenyewe atajuaje kama jibu aliloletewa sio kweli? Ripoti ya 2024 ya DORA, utafiti wa Google kuhusu timu za programu, ilikadiria kwamba matumizi ya akili bandia yakipanda asilimia 25, uthabiti wa kupeleka mabadiliko ya programu bila kuharibu kitu unashuka kama asilimia 7.2, na wanahisi ni kwa sababu watu wanasukuma kodi nyingi za programu kwa mkupuo. Kwa hiyo iacheni isome na ipendekeze, lakini kurestati seva au kurudisha toleo la zamani la programu lazima mtu akubali, tena aandike kwa nini kakubali. Ikikosea msitafute mchawi, ulizeni ilikosa taarifa gani. Na kila mwezi wape tatizo kwenye seva za majaribio walitatue bila hiyo kitu kabisa, hata wakikesha. Halafu bosi awaambie wazi nani anabaki na atafanya nini, wasisikie pembeni.