Mtoto analia akikojoa na vipimo vinasema safi: yaliyotukuta sisi hapa Tabora

Dada uliyeuliza kutoka Ujiji, nimeusoma ujumbe wako mara mbili kwa sababu mengi uliyoyaeleza yametokea pia nyumbani kwangu. Umesema binti yako wa miaka minne hulia anapokojoa, mara nyingine huomba kwenda chooni na akifika hakitoki kitu, mkojo umepimwa zaidi ya mara moja na majibu yamekuwa safi, lakini kila mara umerudi nyumbani na chupa nyingine ya dawa ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Majirani wanasema ni kichocho kwa kuwa mtoto huoga ziwani, na sasa umeandikiwa sindano nawe hujui uanze au usubiri. Mimi si daktari. Ni mama wa watoto watatu, na binti yangu wa pili alikuwa na shida ya namna hiyo alipokuwa darasa la awali. Nitaeleza tulichokiona wenyewe pamoja na nilichofafanuliwa na daktari wa watoto aliyetusaidia.

Nianze na hayo majibu safi. Kile kijiti wanachokichovya kwenye mkojo hutafuta, pamoja na mambo mengine, alama inayoachwa na bakteria, na alama hiyo huhitaji mkojo ukae ndani ya kibofu kwa saa kadhaa ndipo ijitokeze. Mtoto anayekojoa kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi huenda akaonekana hana kitu hata kama maambukizi yapo. Upande wa pili, mkojo uliokingwa ovyo, au uliokaa kwenye kikopo muda mrefu na joto hili letu kabla ya kufika maabara, unaweza kuonyesha vijidudu ambavyo havikutoka kwenye kibofu. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika zaidi ni cha kuotesha mkojo, yaani kuuweka maabara waone kama bakteria wataota, ambacho majibu yake huchukua siku mbili au zaidi, na ambacho husema pia ni dawa ipi inayofaa. Sisi tulielekezwa kumsafisha mtoto kwa maji matupu, kumchuchumaza miguu ikiwa imepanuliwa, kuacha mkojo wa mwanzo umwagike na kukinga ule wa katikati, kisha kuupeleka maabara ndani ya saa moja. Kwa binti yangu hakuna kilichoota. Hapo daktari akaweka kando habari ya UTI na kuanza kutuuliza maswali mengine kabisa, na mimi naamini kwamba hapo ndipo matibabu yake yalipoanza.

Kuhusu kichocho, majirani zako hawakukosea kukitaja, ila kuna aina mbili zinazochanganywa. Kinachojulikana zaidi kando ya Ziwa Tanganyika ni kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka na kinyesi na huleta maumivu ya tumbo, kuharisha na wakati mwingine damu kwenye choo. Kichocho cha mkojo kinatuhusu zaidi sisi wa huku, hasa watoto wanaochezea malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga upande wa Igunga na Nzega, na dalili yake inayofahamika ni damu inayotokea mwishoni mwa mkojo. Kwa hiyo mtoto anayeoga ziwani apimwe kinyesi, na kama aliwahi kuletwa likizo kwa ndugu wa huku, mwambie daktari ili na mkojo upimwe kwa ajili hiyo. Mkojo huo ukingwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka kwa wingi. Ule wa alfajiri unaweza kukupa majibu safi yasiyo ya kweli. Prazikwanteli, ambayo ndiyo dawa ya kichocho, hutolewa kwa kupima uzito wa mtoto, kwa hiyo usikubali kukisiwa dozi dukani.

Sasa nije kwenye kile kilichokuwa tatizo lenyewe kwetu. Daktari aliuliza kama mtoto anapata choo, nikajibu kwamba anapata, kama mama yeyote anavyojibu. Akauliza tena: ni cha namna gani, na mara ya mwisho nani amekiona kwa macho? Mtoto wa umri huo huenda chooni peke yake, na katika choo cha shimo hakuna kinachobaki cha kutazamwa. Akamlaza kitandani, akamminya taratibu tumbo la chini upande wa kushoto, kisha akaniwekea mkono wangu hapo hapo: kulikuwa na mabonge magumu yanayohisika chini ya ngozi. Tulipomwekea poti nyumbani, tuliona choo kigumu cha vidonge vidogo kama cha mbuzi, na mara nyingine hakuna kabisa kwa siku kadhaa mfululizo. Yale madoa madogo kwenye chupi, ambayo nyumbani tulidhani ni kutojipangusa vizuri, yalikuwa kinyesi laini kinachovuja pembeni ya kile kigumu.

Nilielezwa kwamba utumbo wa mwisho na kibofu vimekaa jirani sana katika nyonga ya mtoto. Utumbo ukijaa kinyesi kigumu, hukisukuma kibofu, nacho hushindwa kujaa na kujimwaga inavyotakiwa. Mtoto huhisi haja wakati mkojo ni kidogo, na akikojoa mwingine hubaki ndani. Kisha mtoto anayeogopa maumivu huzoea kubana, na misuli inayopaswa kulegea wakati wa kukojoa inabaki imekaza, hivyo kukojoa kwenyewe kunauma hata pasipo kijidudu chochote. Binti yangu alikuwa na mtindo wa kuchuchumaa ghafla katikati ya mchezo na kukalia kisigino kimoja, amenyamaza, macho yamekazia mbali, kwa sekunde chache, kisha anaendelea kucheza. Shuleni walidhani ni utundu. Daktari alipousikia alitabasamu, akasema watoto wengi wa kike wanaozuia mkojo hufanya hivyo hivyo. Mchunguze na wako.

Sababu ya kubana ilikuwa choo cha shule. Tundu lilikuwa pana la kutosha kumtisha mtoto wa miaka mitano, ndani kuna giza, na mlango haukufungika. Alizuia haja zote mbili tangu asubuhi hadi arudi nyumbani, na kwa akili yake mwenyewe alikuwa ameacha kunywa maji akiwa shuleni ili asilazimike kwenda. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, jua la Tabora linapokuwa halina huruma, mkojo wake wa jioni ulikuwa mchache, wa manjano iliyokolea na wenye harufu kali, na mkojo wa namna hiyo huunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Matibabu yalikuwa ya kawaida sana, ila ya muda mrefu. Tulipewa dawa ya maji ya laktulosi ya kulainisha choo, tukaonywa tusiikatishe pindi choo kitakapolainika, kwa kuwa utumbo uliotanuka huchukua miezi kurudi hali yake. Maji yaligawanywa kwa siku nzima, badala ya kumnywesha mengi kwa pamoja jioni. Ugali wa sembe tukaubadili kuwa wa dona, mlenda na maharage vikaongezeka, na papai likawa la kila siku. Bahati nzuri msimu wa maembe ulikuwa unaingia, na huku maembe hayamshindi mtu. Alipelekwa kukojoa kila baada ya saa mbili au tatu, asisubiri kubanwa, na akimaliza alihesabu hadi ishirini kisha akajaribu tena. Baada ya chakula cha jioni alikaa kwenye poti dakika chache, nyayo zimekanyaga chini barabara, bila kukaripiwa hata kama hakutoa kitu. Fundi seremala wa mtaani alitukatia ubao wenye tundu dogo wa kuweka juu ya choo cha nyumbani. Shuleni, mwalimu alikubali aende na mwenzake kabla ya kengele ya mapumziko. Kilio kilianza kupungua ndani ya wiki chache, na kabla ya likizo ya Juni kilikuwa kimekwisha, ingawa dawa tuliendelea nayo hadi daktari alipoipunguza.

Si kila mtoto ana shida hiyo, kwa hiyo tazama na ngozi. Watoto wa kike wadogo wana ngozi nyembamba sana sehemu za siri, na sabuni ya unga isiyosuuzika vizuri kwenye chupi, sabuni ya kipande yenye magadi makali, au dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya kuogea, vyote vinaweza kuwasha na kuunguza wakati wa kukojoa. Maji matupu yanatosha. Akijikuna usiku, mmulike kwa tochi saa chache baada ya kulala: minyoo midogo myeupe ya njia ya haja kubwa huonekana ikitembea, na ikionekana nyumba nzima hutibiwa, kisha dozi hurudiwa baada ya wiki mbili. Wapo pia watoto wanaokojoa mara nyingi sana mchana bila maumivu yoyote, hasa baada ya mabadiliko nyumbani. Mtoto wa dada yangu alianza baba yake alipohamishiwa kazi Mwanza, na hali hiyo ikaisha yenyewe.

Lipo jambo ambalo wengi hulikwepa, nalo ni mtoto kufanyiwa ukatili wa kingono. Mkojo kuuma peke yake haumtuhumu mtu yeyote, na nimeona familia zikivunjana kwa kukimbilia huko. Lakini ukiona jeraha, damu, uchafu usio wa kawaida, au mtoto ameanza ghafla kumwogopa mtu fulani, muulize kwa utulivu bila kumlisha majibu, na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Simu ya watoto 116 hupigwa bure.

Tena, usisubiri chochote katika haya niliyoyaandika ikiwa ana homa, anatapika, analalamika mgongo au ubavu, mkojo una damu, uso umevimba, mkojo hautoki kabisa, au ana kiu isiyoisha huku anakonda. Mtoto mwenye homa aliye chini ya miaka miwili naye ni wa kupelekwa mara moja.

Kuhusu sindano ulizoandikiwa: kwa kuwa umesema hana homa na anacheza kama kawaida, mimi ningerudi kesho asubuhi kwa daktari yule yule kabla ya sindano ya kwanza, nikamwomba mkojo uoteshwe kwanza, kwa sababu antibayotiki ikishaingia mwilini bakteria wanaweza wasiote na mtabaki kukisia tena. Mtajie dawa zote alizokwisha kutumia na tarehe ya dozi ya mwisho, na mwombe amguse tumbo. Kuanzia leo andika kwenye daftari saa anazokojoa, anazolia, anazopata choo na kilivyo. Homa ikipanda kabla majibu hayajatoka, usiyasubiri. Mrudishe hospitali, na kama daktari ataona sindano zianze siku hiyo, aanze.