Msomaji anauliza: Hili koti ni la Mjerumani kweli?

SWALI: Mzee shikamoo. Niko Isevya, Tabora. Jirani zetu walifiwa na babu yao mwaka jana, sasa wanagawana vitu, wametoa koti la kaki kwenye sanduku la bati wanasema ni la vita ya Mjerumani. Kuna dalali wa vitu vya kale ananiambia nilichukue kwa laki nane alafu nitampiga nalo mzungu mara tano yake. Vifungo ni vya shaba, kila kimoja kina simba na kama farasi hivi mwenye pembe. Ndani kuna muhuri wa mshale umefifia na 1942. Nichukue au niache?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Acha.

Na sio kwamba koti ni feki, mimi kwa ulivyolieleza naona ni koti halisi kabisa, ila sio la Mjerumani. Tatizo liko kwenye maneno. Ukisema mtu "alienda vita ya Mjerumani" hujasema bado alikuwa upande gani! Aliyepigana kwa Mjerumani alienda vita ya Mjerumani, aliyepigana na Mjerumani alienda hiyohiyo, na hata wale keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la Mwingereza (KAR), waliopelekwa mpaka Burma kupigana na Mjapani, nyumbani bado utasikia babu alienda vita ya Mjerumani. Sasa miaka inapita, wenye kumbukumbu wanaondoka, neno "vita" linadondoka njiani linabaki "koti la Mjerumani", na hapo ndo dalali anapoingia na bei.

Angalia vifungo. Simba na farasi mwenye pembe moja wanashika ngao, hiyo ni nembo ya mfalme wa Uingereza. Mnyama wa Mjerumani ni tai. Geuza kifungo kimoja usome mgongoni kwa tochi, mara nyingi utakuta jina la kiwanda na Birmingham kwa herufi ndogondogo. Ule mshale nao ni alama ya mali ya serikali ya Mwingereza, waliupiga kwenye kila kitu, bunduki, sufuria, mpaka soksi. Na 1942 hapa Tabora Mjerumani alishaondoka zamani, Wabelgiji waliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916. Kwa hiyo huyo babu kwa dalili zote alikuwa keya, na waambie familia hivyo, ni heshima yake.

Sasa ulitaka kujua la Mjerumani lenyewe likoje. Askari wa Schutztruppe, yaani jeshi la Mjerumani huku kwetu, walivaa kaki ya pamba, kichwani tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki na tai wa bati mbele, na nyuma kitambaa kinaning'inia kukinga shingo jua. Vifungo vyao vina taji. Hapo uwe makini, maana taji hata Mwingereza analo, lakini lile la Mjerumani lina riboni mbili zinaning'inia pembeni. Cheo kilikuwa ni mistari myekundu ya V kwenye mkono wa kushoto, ombasha mmoja, shaushi miwili, betshaushi mitatu, soli minne. Ukiuziwa koti lina mistari mikono yote miwili muulize muuzaji huyo mwingine alikuwa nani.

Ila kuna mtihani, na hapa hata wataalam wanakwama. Vita ilivyokolea Waingereza waliziba bahari, meli zilizopenya kuleta mizigo ni mbili tu, Rubens 1915 na Marie 1916, nguo zikaisha. Ikabidi Wajerumani wafume pamba hukuhuku na kutia rangi ya mimea, na ilipofika mwisho wakawa wanavaa walichokamata kwa adui. Baada ya kuwapiga Wareno pale Ngomano, Msumbiji, Novemba 1917, kuna askari wa Mjerumani walitoka wamevaa sare za Kireno! Kwa hiyo askari halisi anaweza kuwa na koti "lisilo halisi", na tapeli akakuletea koti lenye kila alama iliyo kwenye picha za vitabuni. Mimi likija koti limekamilika mno, kila kifungo kipo, tai anang'aa, ndo naanza kuuliza maswali.

Kuna kisa kinasimuliwa cha Mwanza miaka ya 60. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua 1964 kuwalipa wale askari wazee wa Schutztruppe malimbikizo yao ya mshahara, ikafunguliwa dirisha la malipo, wakajitokeza wazee kama 350. Wenye vyeti walivyopewa 1918 walikuwa wachache sana, wengine wakaja na vipande vya sare zilizochakaa, sasa utajuaje kama kipande ni chake au cha marehemu kaka yake? Yule mtu wa benki akatoa ufagio, akawa anampa mzee mmojammoja na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyekosea. Nguo ilishindwa kusema, mabega yakasema.

Ndo maana nakwambia usikimbilie koti, kimbilia kwanza kwa mjane au mtoto mkubwa, uliza babu alisajiliwa wapi, kuna karatasi ya kumaliza jeshi, kuna picha, kuna medali? Andika kila kitu. Koti bila hizo ni kaki tu. Na wewe au wao, yeyote atakayebaki nalo, asilifue, asipige pasi, asing'arishe vifungo, ule ukijani ndo umri wake. Lisitundikwe kwenye henga mabega yatachanika, likunjwe kidogo kwenye shuka safi ya pamba, mbali na ukuta maana mchwa wa Tabora hawajui historia.

SWALI: Habari ya kazi. Mimi ni wa Mwanga, Kigoma. Nimenunua jaketi kwenye mitumba, kijani cha jeshi, juu mikononi lina bendera ndogo ya Ujerumani. Muuzaji anasema ni ya askari wa Hitler, kuna jamaa anataka nimuuzie laki tatu. Nitajuaje kama ni orijino?

JIBU: Orijino ni orijino, ila Hitler hausiki. Hiyo bendera nyeusi, nyekundu na njano haikuwa ya utawala wake. Jaketi lako ni la Bundeswehr, jeshi la Ujerumani lililoundwa 1955, na haya yanakuja kwenye marobota kila siku. Tafuta lebo ndani, ukiona namba ndefu yenye vistari na fungu la pili ni 12, hiyo ni namba ya NATO na 12 ni Ujerumani. NATO imeanza 1949, Hitler alikufa 1945, hesabu mwenyewe.

Wengine watakwambia lipeleke kwa wakala mwenye ile taa ya kukagulia noti, uzi ukiwaka buluu basi ni wa kisasa. Taa inasaidia ila inadanganya pia, maana sabuni za unga za siku hizi zina dawa ya kung'arisha, hata koti la 1916 likishafuliwa nayo mara moja linawaka. Bora uchomoe kauzi kadogo kwenye mshono wa ndani ukachome: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu, sufu inanuka nywele, polyester inayeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Polyester haikuwepo kwenye nguo za vita ile, kwa hiyo shanga ikitokea kesi imeisha.

Alafu usilivae mjini tafadhali. Sheria inakataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 watu wasalimishe. Jamaa wa laki tatu mwambie ukweli, akiamua kununua ni yeye.

SWALI: Mzee, mimi wa Ujiji. Kuna mtu anasema ana sanduku la nguo za maafisa wa Kijerumani limekwama chini ya ziwa ndani ya meli yao iliyozama, anataka elfu hamsini ya kutanguliza mzamiaji. Nimpe?

JIBU: Meli gani? Kama ni Graf von Goetzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Yaani huyo mzamiaji anaenda kuzamia meli ambayo bibi yako alishaipanda.