Kwa nini nimemwita mama

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umeuliza mambo mawili. La kwanza limeniuma: kwamba shangazi alipofariki mwaka 2023 sikuonekana msibani, ila juzi nimeweka picha za mazishi ya bibi wa Kizungu hapa Bradford, Uingereza, na kuandika kwamba nimefiwa na mama. La pili, wewe na mwenzio mnataka kujua mje lini. Nitajibu yote, lakini naanza na huyo mama.

Unayajua makaburi ya Wapolandi pale kwetu Tengeru, Arusha, ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Tulipokuwa wadogo tulisema ni makaburi ya Wazungu, basi, hakuna aliyeuliza Wazungu gani. Yako kama 150. Wakati wa vita ya pili ya dunia palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Huyo mama alikuwa mmoja wa watoto hao.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha mashariki ya Polandi. Mwaka 1939 Wajerumani na Wasovieti waliigawana nchi yao, na alfajiri ya tarehe 10 Februari 1940 askari wa Kisovieti waligonga mlango wao. Walipewa muda mfupi wa kufunga mizigo, wakapakiwa kwenye mabehewa ya mifugo hadi Siberia, wakubwa wakakatishwa magogo kwenye theluji. Hitler alipomgeukia Stalin mwaka 1941, Wapolandi wakaachiliwa. Baba yake akaingia jeshi la Wapolandi la Jenerali Anders, familia ikateremka na treni hadi Uzbekistan, na bibi yake akazikwa huko kando ya reli. Mwaka uliofuata wakavuka Bahari ya Kaspi kwa meli hadi Iran, kisha meli nyingine ikawaleta Afrika Mashariki. Akafika Tengeru akiwa na miaka 10, pamoja na mama yake na mdogo wake wa kiume.

Kuhusu Tengeru angeweza kuzungumza mchana kutwa. Nyumba zilikuwa za duara, kuta zimepakwa chokaa, paa la nyasi. Usiku wa kwanza mama yake hakulala kwa kuogopa simba, yeye alitoka nje kuwatafuta. Walikuwa na shule, kanisa na hospitali yao, lakini yeye kila alipopata nafasi alichomoka kambini kwenda Ziwa Duluti, au kwenye migomba ya watu wetu. Siku moja alibeba gauni lake akabadilishane na ndizi. Mwanamke wa Kimeru akalikataa gauni, akamkalisha, akampa loshoro ya maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Aliniambia kwamba tangu watolewe kijijini kwao, hicho ndicho chakula cha kwanza alichopewa bila kupangishwa foleni. Alikumbuka hadi ule uchachu wa maziwa.

Mwaka 1943 malaria ilimchukua mdogo wake. Yupo pale, katika hayo makaburi.

Mwaka 1944 baba yake aliuawa Italia, kwenye vita vya Monte Cassino. Vita ilipokwisha, mipaka ikasogezwa, kijiji chao kikabaki upande wa Wasovieti, na leo kipo Ukraine. Kwa hiyo hata aliyetaka kurudi hakuwa na mahali pa kurudi. Mwaka 1948 wakaletwa Uingereza, wakawekwa kwenye mabanda ya mabati yaliyoachwa na jeshi, na baadaye yeye akaja hapa Bradford kusokota sufu kiwandani.

Akaolewa na Mpolandi mwenzake, akazaa watoto wanne. Hakutulia. Mwaka 1964 aliwapakia watoto wawili wakubwa kwenye pikipiki yenye kiti cha pembeni, akaendesha mwenyewe hadi Italia kuliona kaburi la baba yake. Majirani walisema ana wazimu. Polandi ilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi Desemba 1981 na maduka yakawa matupu, aliendesha gari la mizigo lenye sabuni, dawa na maziwa ya watoto kuvuka Ulaya katikati ya baridi. Na mwaka 1996, akiwa na miaka 64, alikwenda Arusha peke yake, akapanda daladala hadi Tengeru, akalikuta kaburi la mdogo wake. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka 8. Watoto walimkimbilia barabarani wakipiga kelele "Mzungu! Mzungu!" Huenda nilikuwamo.

Nilikutana naye mwaka 2022, mwezi wangu wa pili hapa. Na hapa niseme ukweli ambao sikuwahi kuusema nyumbani. Wakala alichukua milioni 18 zangu ili nipate kibali cha kulea wazee. Kampuni ilinituma nyumba hadi nyumba, nusu saa kila nyumba: kuogesha, kubadilisha nepi, kupasha chakula, kuandika ripoti, mbio kituo cha basi. Nilitoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa nne usiku, nikalipwa ujira wa saa saba tu, kwa sababu muda wa njiani haukuhesabiwa. Zile picha nilizowatumia nikiwa na koti jekundu, koti lilikuwa la kuazima.

Nyumba ya sita siku hiyo ilikuwa yake. Akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Tanzania, maana nilishazoea kwamba ukitaja zaidi ya hapo unapoteza muda. Akasema, "Tanzania wapi?" Nikasema karibu na Arusha. Akanishika mkono kwa nguvu, akasema kwa Kiswahili, "Mimi mtoto ya Tengeru." Nusu saa ikaisha hata sijamwogesha.

Sasa habari ya shangazi. Simu ilinikuta kazini. Niliomba ruhusa, nikajibiwa kwamba nikiondoka nisitegemee kukuta kazi, na kibali changu kilifungwa kwenye kazi hiyo, na deni la wakala lilikuwa bado. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda nyumba inayofuata. Jioni nikafika kwake. Hakuniuliza kitu. Alinikalisha kwenye kiti chake yeye mgonjwa, akasimama kwa mkongojo wake, akachemsha pierogi, hizo ni kama sambusa za viazi ila za kuchemshwa. Akawasha mshumaa, akaniambia nimsimulie shangazi alikuwa mtu wa namna gani. Nikasimulia hadi saa tano. Msiba wa shangazi kwangu ulikuwa huo, mdogo wangu, na mfiwa mwenzangu alikuwa yeye. Huo ndio usiku nilioanza kumwita mama.

Yeye ndiye aliyeniambia niache kuwadanganya. Alisema mama yake aliishi Bradford miaka 30 na sanduku limefungwa chini ya kitanda, akisubiri kurudi, na hakujifunza Kiingereza cha kumtosha kununua mkate. Yeye aliapa kuishi pale alipo. Lakini hakunificha kwamba kuishi pale ulipo hakumfanyi mwenyeji akuone wa kwake: baada ya kura ya mwaka 2016 ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, kijana mmoja alisikia lafudhi yake kwenye basi akamwambia arudi kwao. Alikuwa na miaka karibu 70 katika nchi hii. Alimjibu, "Kwetu wapi? Nionyeshe." Aliponisimulia, midomo ilikuwa bado inatetemeka.

Kuhusu kuja: njia niliyopita mimi ilifungwa Julai 2025, kazi ya kulea wazee haitoi tena kibali kwa mtu aliyeko nje. Anayewaambia ipo anataka hela zenu. Msiuze lile shamba. Kama ni masomo, au kazi yenye mkataba mliousoma wenyewe, nitawasaidia hadi senti ya mwisho, na mtalala chumbani kwangu. Simkatazi mtu kutoka. Nimemlea mama aliyevuka dunia nzima, siwezi kusema watu wakae. Ila mje mkijua mnakuja wapi.

Amefariki akiwa na miaka 93, nyumbani kwake, binti yake upande mmoja na mimi upande wa pili.

Nina ombi. Wapolandi huwasha mishumaa makaburini Novemba mosi. Nimekutumia 30,000 kwa simu. Nenda pale chuoni, mwombe mlinzi akuonyeshe kaburi la mtoto wa mwaka 1943, jina nitakuandikia pembeni. Ling'olee magugu, washa mshumaa, nipigie picha nimpe binti yake. Nunua mishumaa miwili. Wa pili mpelekee shangazi.